Mstari Uliochelewa

Mwalimu Gichuki alizikwa Alhamisi, kwenye shamba lake la kahawa juu kidogo ya soko la Gakindu, na mdogo wake, Mzee Ndirangu, akashika kipaza sauti akatuambia kwamba marehemu aliishi miaka yake ya mwisho bila sauti. Alisema kwa upendo. Watu wakatikisa vichwa, mama mmoja nyuma yangu akaguna kwa huruma, na mimi nikajikuta nimekasirika pale pale kwenye kiti cha plastiki, hasira ya kumfanya mtu mzima atake kusimama kwenye maziko ya wenyewe apinge hotuba. Sikusimama. Wambui, binti wa marehemu, aliyekuwa ameketi safu ya mbele, aligeuza shingo, akanitafuta kwa macho, akanipata, akainua nyusi. Hatukuwa tumeonana kwa miaka kadhaa, lakini nilijua anakumbuka ninachokumbuka, nikatulia. Mwaka niliokaa kwao nilikuwa na umri wa kudhani kila kitu kinaweza kurekebishwa mradi umeme usipotee, na ndio mwaka ninaotaka kuueleza, kwa sababu Mzee Ndirangu aliueleza vibaya.

Nilifika Gakindu kwa uvivu wa kutafuta nyumba. Kampuni ndogo iliyoniajiri kuandika programu ilikuwa na ofisi ya chumba kimoja mjini Nyeri, ghorofani juu ya agrovet, na hewa ya mle ilinuka dawa ya kuogeshea ng'ombe kutwa nzima. Tulitakiwa kufika Jumatatu tu. Siku nyingine kila mtu alifanyia kazi alipo. Wambui, ambaye tuliishi naye chumba kimoja miaka yote ya chuo, alikuwa amepata kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja Nanyuki, na aliponisikia nikilalamikia kodi za nyumba akanikata maneno: "Kwetu kuko na room tupu. Mathe atakulisha hadi uombe msamaha." Chumba chenyewe kilipakana na jiko la kuni, kati yake ukuta wa mbao tu, kwa hiyo sweta zangu zote zilinuka moshi na kila kilichosemwa jikoni nilikisikia nipende nisipende. Mimi ni mtu wa Bungoma. Baridi ya Julai ya huko, ukungu ukiwa umelalia mashamba ya kahawa hadi karibu adhuhuri, ilinishinda kabisa, nikawa naandika programu nimevaa glavu zilizokatwa vidole. Mama Wambui alinicheka kila siku. Alikuwa Mkamba aliyeletwa Gakindu na kazi ya ualimu akaolewa hapo, na ndiyo maana nyumba ile ilizungumza Kiswahili, Kiswahili chao, kilichochanganywa na kila kitu. Aliniletea nduma na chai ya maziwa mlangoni akisema, "Kula, Nekesa, hiyo computer haitakupikia." Naikumbuka ile chai kuliko mishahara yote ya mwaka ule.

Mwalimu alikuwa amepatwa na kiharusi mwaka uliotangulia. Mkono wa kulia ulibaki mzito, na maneno yalimtoka kwa shida, moja moja, kwa pumzi iliyokwisha kabla neno halijakwisha. Akili ilikuwa nzima. Alisoma gazeti mpaka matangazo ya vifo, alijua bei ya kahawa, alijua ni jirani gani amekata mti wa mpakani. Asubuhi jua likitoka aliketi kwenye kiti kilichoegemezwa ukuta wa jiko kwa nje, blanketi magotini, na wapita njia waliingia kumsalimu. Hapo ndipo nilipoona jambo lililonikera tangu wiki ya kwanza. Mgeni alisema, "Mwalimu, umeamkaje?" Mwalimu alifungua mdomo, akavuta pumzi, na kabla pumzi haijageuka neno Mama Wambui alishajibu kutoka mlangoni: "Ako sawa kabisa, jana tu ndio mguu ilimsumbua, lakini leo ameamka vizuri." Mgeni aliridhika. Mwalimu alifunga mdomo. Mama Wambui hakuwa na ubaya wowote. Hakuweza tu kuvumilia kumwona mumewe akihangaika, na leo, nikiwa nimeuguza watu wangu mwenyewe, naelewa jinsi mdomo unavyokimbia wenyewe. Wakati ule nilikuwa mpangaji, tena kijana, na nilikuwa mwepesi sana wa kulaumu.

Habari ya ruracio, sherehe ya kuleta mahari, ililetwa wakati wa Pasaka. Kimani, mwenye duka la vifaa vya ujenzi huko Sagana, alitaka kumwoa Wambui, na watu wake wangekuja Desemba na mahari. Ukoo ule ulikuwa na desturi moja waliyoishikilia. Kabla ya kupokea chochote, huletwa kibuyu cha uji uliochachuka, wageni na wenyeji hushika vikombe, kisha binti huitwa mbele akaulizwa na baba yake: tunywe? Akisema nyweni, basi, ameolewa. Wazee wa zamani waliuliza kwa pombe. Hawa walikuwa watu wa kanisa, wakauliza kwa uji. Siku hizi swali lenyewe huulizwa na msemaji wa familia, kwa mzaha, vigelegele vikiwa vimeshaanza, na binti huinamisha kichwa tu likapita. Jioni ile ya Pasaka, tukila mukimo sebuleni, Mwalimu aliweka kijiko chini. "Mi-mi," akasema, akapumzika, "ni-ta-uliza." Mzee Ndirangu, ambaye tayari alikuwa amejiteua msemaji, akacheka na kumpiga begani. "Wewe utakaa tu hapo mbele kama chief. Hiyo maneno ya kuuliza niachie mimi. Si ndio kazi ya msemaji?" Wote tukacheka isipokuwa Mwalimu. Alinigeukia mimi, mpangaji, kwa sababu alijua kampuni yetu inatengeneza programu za mazoezi ya wagonjwa. Mtaalamu wa matamshi hospitalini alimwona mara moja kwa mwezi na kumwachia zoezi la kuishikilia sauti, aaa, kadiri awezavyo, zoezi alilolichukia kwa sababu alilifanya akitazama ukuta. Nikamwahidi kitu cha kutazama. Nilifikiri ni ubishi wa mzee anayetaka heshima yake, na nilifurahi kumsaidia kubishana.

Nilichoahidi kilikuwa ukurasa wa brauza kwenye tableti kuukuu aliyoiacha Wambui: unatoa sauti, mstari unapanda hadi alama ya kijani. Ndani ya brauza, kazi ya sauti hufanywa mahali pake peke yake. Sisi hupaita uzi. Programu moja huwa na nyuzi kadhaa zinazokwenda kwa wakati mmoja. Uzi wa sauti hupokea kinachoingia kwenye maiki katika vipande vidogo sana, mamia kila sekunde, na hauna ruhusa ya kumsubiri yeyote, maana ukizubaa kidogo tu sauti hukatika. Kwa hiyo umefungiwa chumba chake. Hauwezi kugusa ukurasa, hauwezi kuchora mstari, haujui hata kama kuna mtu anatazama. Uzi mkuu, ule unaochora, nao hauvisikii vile vipande. Kati yao kuna kitundu cha kupitishia ujumbe, na chochote unachotaka kionekane lazima kipitie hapo. Niliupenda mpango huo tangu niliposoma habari zake, na nilidhani nimeuelewa.

Nilipitisha kila kitu. Kila kipande cha sauti kilichoingia, uzi wa sauti ulikirusha kitunduni, na upande wa pili ukakidaka na kuchora. Kwenye laptopu yangu mstari ulicheza na sauti yangu kwa raha zake. Gitonga, mwenzangu wa kule juu ya agrovet, aliutazama akasema, "Iko poa, lakini hiyo tableti ya mzee itaweza?" Nikamjibu kwamba ni mstari tu, si sinema. Tableti haikuweza. Ujumbe ulifika kwa kasi kuliko ulivyochorwa, ukapanga foleni, na foleni ikazidi kurefuka kadiri Mwalimu alivyoendelea kutoa sauti. Alisema aaa, mstari ukalala. Akaendelea. Mstari ukaanza kujikokota. Alipoishiwa pumzi na kunyamaza, mstari ndio kwanza ukawa unapanda, peke yake, huku chumba kizima kimya. Mimi sikuyaona hayo, kwa sababu wiki zile nilikuwa na kazi nyingine iliyoniweka Nyeri siku nzima. Mwalimu hakujua kwamba kuna kilichoharibika. Alidhani ndivyo mstari ulivyo, mvivu, unaohitaji kusubiriwa, na yeye alikuwa amefundisha darasa la kwanza karibu maisha yake yote. Akajifunza kuishikilia sauti hadi mstari uamke.

Nilipoketi naye hatimaye na kuona, niliona aibu hadi masikioni. Siku iliyofuata nikarekebisha. Niliuacha uzi wa sauti ufanye hesabu yake mwenyewe kule kule ndani, ukusanye vipande vingi, na kupitisha namba moja ndogo, mara chache kwa sekunde. Kitundu kikapumua. Mstari ukawa mwepesi, ukiruka sauti inapotoka na kushuka sauti inapokoma, na nikampelekea Mwalimu kwa majivuno. Akasema aa, mstari ukaruka hadi alama ya kijani, akanyamaza. Zoezi limekwisha. Akajaribu tena, likaisha tena. Akanitazama kama mtu aliyerudishiwa kikombe kingine badala ya chake. "Ru-di-sha," akasema. Nikamuuliza nirudishe nini. Alichukua muda mrefu, na nikamwachia. "I-le... m-vi-vu." Nikamweleza kwamba ile ilikuwa na hitilafu, kwamba ilikuwa ikimchelewesha, kwamba hii ndiyo sahihi. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu ya mwalimu anayesikiliza jibu lisilo sahihi, kisha akaisukuma tableti upande wangu wa meza.

Nilinuna siku mbili. Mama Wambui alidhani nimeachwa na mwanamume, akaniongezea maziwa kwenye chai. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimejisumbua tangu mwanzo na namna ya kupitisha ujumbe, wingi wake na kasi yake, na sikuwahi kujiuliza yule mtu wa upande wa pili anahitaji kujua nini. Alichohitaji kujua Mwalimu ni kama bado anaendelea. Nikauandika upya uzi wa sauti, ukawa unahesabu sauti imeshikiliwa muda gani bila kukatika, na hicho tu ndicho ulichokitoa nje. Mstari haukuchelewa tena, lakini ulipanda polepole, kwa kadiri ya pumzi yake, na ulikufa pumzi ilipokatika. Mwalimu aliujaribu pale nje, juani. Aliutazama mpaka alama ya kijani, akaupitisha, akatabasamu kwa upande wa kushoto wa uso, upande uliokuwa bado wake. Nilifurahi mno hata nikaenda kukaa nyuma ya choo cha nje nilie kidogo bila kuonekana.

Wambui alikuja likizo mwezi wa Oktoba, kahawa ikiwa imeiva na kila mtu akiwa na mikono myekundu. Alikuwa amenyamaza kuliko nilivyomzoea. Asubuhi moja nilikuwa chumbani nikifanya kazi, Mwalimu yuko kwenye kiti chake kwa nje akifanya zoezi, na Wambui na mama yake wako jikoni wakimenya viazi. Nilisikia aaa ya Mwalimu upande mmoja na kisu upande mwingine.

"Mama, mimi sijasema sitaki. Nimesema sijui."

"Hujui nini? Kimani ni mtu mzuri. Ako na duka, hakunywangi, kanisa anaenda."

"Ni mzuri. Lakini nikianza kuongea ananimalizia. Kila kitu. Ati 'unamaanisha hivi.' Na sio hiyo nilikuwa namaanisha. Sasa ameambia watu wao naacha kazi Nanyuki, ati nilisema nimechoka nayo. Mimi nilisema nimechoka hiyo siku."

"Si umwambie?"

"Nimemwambia. Akanimalizia."

Kisu kilinyamaza. Kisha Mama Wambui akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kabla ya siku kuanza, "Watu wameshaambiwa, Wambui. Uncle yako ameshaongea na watu wa tent. Wacha hiyo siku ipite. Hayo mengine mtaongea kwa nyumba yenu." Ndipo nilipotambua kwamba aaa ya nje ilikuwa imekoma, nami sikujua imekoma tangu lini.

Wiki iliyofuata Wambui alikuwa amerudi Nanyuki, na mimi nikawa nakaa na Mwalimu alasiri kufanyia mazoezi lile neno moja. Tulilitenga na kulirefusha, kama alivyofanya na watoto wa darasa la kwanza: tu, kisha nywe. Lilimshinda kwenye ny, pumzi ikampotea hapo hapo kila mara. Siku moja, nikiona jasho linamtoka, nikamwambia, "Mwalimu, si umwachie tu Mzee Ndirangu? Ni neno moja. Hata yeye akiuliza, wewe ndio baba." Akatikisa kichwa. Akaanza kujibu, na ninakiri mara tatu nilitaka kumsaidia, neno nililodhani analitafuta likiwa tayari kwenye ulimi wangu, na ingekuwa kosa, kwa sababu sivyo alivyotaka kusema. "Ndi-ra-ngu," akasema, "a-ta-uli-za." Akapumzika. Kuku alipita, akamfukuza kwa mguu mzima. "La-kini... ha-ngo-ji." Niliachama. Akainua kidole, hakuwa amemaliza. "Mi-mi... ni-ta-ngo-ja." Tangu Pasaka nilikuwa nimeamini kwamba mzee anapigania nafasi yake mbele ya wageni. Alikuwa akitaka binti yake aulizwe swali na mtu ambaye angesubiri jibu. Niliogopa kwa ajili yao wote wawili, na nikaogopa pia kwa ajili yangu, maana sasa nilijua nini kitatokea akishindwa kwenye ny.

Desemba ikafika na tenti likasimamishwa, viti vikavishwa vitambaa, na watu wa Sagana wakaimbiana na wa kwetu kwenye lango hadi wakaruhusiwa kuingia. Kimani alikuwa amevaa suti ya kijivu na kutokwa jasho, mwenye uso mwema. Alinisalimia vizuri, akaniuliza ninafanya kazi gani. Nikasema, "Naandika programu za..." naye akasema, "Za benki, ee, hizo ni nzuri," akaendelea kwa mgeni mwingine. Watu wakala. Wakacheka mizaha ya wasemaji. Kisha kibuyu kikaletwa, uji ukamiminwa, kila mtu akashika kikombe, nami nikashika changu, ingawa sijawahi kuupenda uji ule mchachu. Wambui aliitwa, akaja na leso begani, akasimama mbele ya wazazi wake. Mzee Ndirangu akainuka, akasafisha koo, "Sasa msichana wetu, sisi wazee tuko na kiu..." na hapo Mwalimu akagonga fimbo chini.

Aliinuka kwa kumshika mkewe mkono. Mzee Ndirangu alimtazama, akatutazama, akakaa. Tenti lote likanyamaza, hata wale wa nyuma waliokuwa bado na mifupa mikononi. "Wa-mbui," akasema Mwalimu. Akavuta pumzi. "Tu..." Pumzi ikakatika. Nikamwona Mama Wambui akifungua mdomo. Neno lilikuwa limeshafika menoni, ningeapa nilikuwa nalisikia. Akatazama uso wa mumewe. Akashika ncha ya leso yake akaifumbia mdomo, akabaki hivyo, macho yakimtoka machozi. Mwalimu akavuta pumzi nyingine, ndefu, ya kule juani, na safari hii neno likapita lote na kufika nyuma ya tenti.

"Tunywe?"

Kina mama wakavuta pumzi kwa ajili ya vigelegele. Mwalimu akainua mkono wake mzima, wakavizuia. Akasubiri. Wambui hakuinamisha kichwa. Alimtazama baba yake, naye akamtazama, na kimya kikarefuka hadi watu wakaanza kukohoa. Ng'ambo ya pili Kimani akacheka kwa wema, akawageukia watu wake. "Anasema ndiyo," akawaambia. "Ni aibu tu." Mwalimu hakugeuka. Hakuondoa macho kwa binti yake, na kikombe kilichokuwa kwenye mkono ule mzito hakukiweka chini wala hakukiinua.

"Hapana, Baba," Wambui akasema. "Msinywe."

Mahali fulani kikombe kilianguka. Mzee Ndirangu akaruka akasimama, mikono juu, akicheka kicheko cha kuzima moto, akisema msichana ameshikwa na haya, hajaelewa, wageni watulie, swali litaulizwa tena vizuri. Mwalimu akamwekea mkono kifuani, akamkalisha. Neno lilimtoka bila kukatika hata mahali pamoja.

"Nimesikia."